Kikombe Kilichodai Kucha Zake

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa kuwa mwanga wa taa.

Barua ya ajira ilikuwa fupi. Ilisema nianze kazi saa mbili kamili asubuhi, nije na kalamu yangu, na nisivae viatu. Sikuona sababu ya kubishana nayo. Nilifika saa mbili kasorobo, kama nilivyozoea.

"Umewahi," alisema msimamizi. Alikuwa taa. Si kwamba alishika taa. Yeye mwenyewe alikuwa taa, ile ya ndani ya mashine kubwa ya maabara yetu, amevaa miwani ya kusomea. "Mwanga hauwahi wala hauchelewi, Mzee Mkude. Mwanga hufika."

"Nisamehe, Bi Taa. Nirudi nje nisubiri?"

"Ukirudi nje kutakuwa na giza hapa. Keti."

Nikaketi.

Niseme kwanza kazi yangu ya kawaida. Mimi ni mwosha vyombo wa maabara moja hapa Morogoro, mwaka wa kumi na moja huu. Chupa, mirija, bakuli, vyote hupita mikononi mwangu, na sijawahi kuvunja hata kimoja. Shule yangu ilikuwa fupi. Ninayoyajua nimeyaokota kwenye vitabu vya maelekezo ya mashine, saa ya chakula, kamusi pembeni ya sahani.

Nilivyoelewa ni hivi. Daktari Tunsume anachunguza protini ya mbegu za mlonge, ile inayofanya maji ya tope yatulie na kuwa safi. Protini ni uzi mrefu wa shanga za aina ishirini, uzi unaojikunja wenyewe, na kazi yake yote imo katika mkunjo huo. Mkunjo ni mdogo mno kuonekana kwa jicho. Kwa hiyo Daktari humimina matone machache katika kikombe cha mraba, chembamba kama kidole, akapitisha mwanga. Mwanga ukitokea upande wa pili, mashine hupima umepungua kiasi gani, ikachora mstari. Protini ya mlonge ikiwa nzima, mstari hushuka mabonde mawili. Nimeyaona mara nyingi. Yanapendeza.

Kwa wiki tatu sasa mashine imechora fujo tupu. Mwezi uliopita umeme ulikatika siku mbili, jokofu likapata joto, na Daktari akaamini kwamba protini yake imeharibika, imekuwa uzi usio na umbo. Umebaki mrija mmoja wa mwisho. Jana jioni aliniambia bila kunitazama, "Mzee Mkude, kesho saa tatu niachie sinki wazi. Naumwaga. Nimechoka kujidanganya." Miaka mitatu ya kazi yake. Niliitikia, nikaenda kulala na hilo neno.

Katika hali hiyo ndipo nikaajiriwa kuwa mwanga.

Bi Taa alinisimamisha ukutani akanipima kwa rula. "Mia mbili ishirini na mbili."

"Sentimita?"

"Nanomita. Ndicho kipimo cha mawimbi ya mwanga. Usiulize sana, bado uko kwenye majaribio."

"Hata nyumbani wananiita mfupi," nilisema.

"Ndiyo sababu umepata kazi. Mawimbi marefu tunayatuma kuonyesha watu rangi za vitenge. Kwa protini tunataka wafupi. Haya, tembea nikuone."

Nikatembea hadi mlangoni na kurudi.

"Unakwenda moja kwa moja," alisema kwa masikitiko. "Basi mko wawili na hamjijui. Mwanga unaokwenda hivyo ni wawili walioshikana mikono, mmoja anazungukia kulia, mwingine anazungukia kushoto, wanavutana, mtu anadhani wamenyooka." Akatoa mkasi, akakata hewani mbele ya kifua changu. Kret.

Pembeni yangu sasa amesimama Mkude mwingine. Ana kovu langu la kidevuni, ila liko upande wa pili.

"Shikamoo," ananiambia.

"Marahaba," najibu, kisha nasita. "Ngoja. Mkubwa nani hapa?"

Tunahesabu miaka. Inalingana hadi saa ya kuzaliwa. Tunakubaliana kuamkiana kwa zamu, yeye asubuhi, mimi mchana, ili asionewe mtu.

"Kulia wewe, kushoto yeye," anasema Bi Taa. "Nendeni, mmoja mmoja kwa zamu, mkaone yule wa mlonge amekunjwaje. Anaonekana kwa kuuma. Atawauma nyote, lakini si sawasawa. Ile tofauti ndiyo habari. Mkirudi wazima wote wawili hamkufanya kazi."

Tukaondoka tukizunguka. Si rahisi mtu wa umri wangu kutembea akizunguka. Mkude wa Kushoto hakuona taabu, na kila tulipopishana alisema, "Pole, kaka," kwa namna ambayo sikuipenda, ingawa bado sijaamua kama alikuwa na nia mbaya.

Ukumbi ulikwisha ghafla na kuwa zahanati. Palikuwa na mabenchi mawili marefu, yamejaa mianga mifupi kama sisi, imekaa mikono magotini. Mmoja alikuwa amesinzia, na pale aliposinzia palififia. Mbele yao kulikuwa na lango la kioo, safi mno, na mlinzi wa kioo.

"Karibuni, karibuni sana," alisema mlinzi. "Jisikieni mko nyumbani."

"Asante. Tunaomba kupita," nilisema.

"Hapana, kupita hampiti."

"Lakini umesema karibu."

"Karibuni hapo mlipo." Akaninyooshea fimbo yenye alama. "Urefu?"

"Mia mbili ishirini na mbili."

"Chini ya mia tatu hapiti mtu. Nikimruhusu mmoja, kesho watakuja na watoto."

Nilichungulia juu ya bega lake. Halikuwa na rangi yoyote lile lango. Niliona ndani yote. Na ndani, kwenye maji matulivu, nilimwona yule wa mlonge. Alikuwa uzi wa shanga uliojizungusha kama ngazi ya mnara, ukapinda, ukajizungusha tena. Alikuwa akifagia. Punje za tope zilielea karibu naye, naye akizivuta moja moja na kuzifunga fungu fungu kama kuni.

"Mbona yu mzima!" nilisema.

"Mzima kabisa," alisema mlinzi kwa fahari. "Hajaguswa na mwanga mfupi hata mmoja tangu nimeshika zamu hii. Wiki ya tatu leo."

Mwishoni mwa benchi kulikuwa na yai la kukaanga, limekaa kwa adabu, limejifunika kanga hadi kwenye kiini. Likakohoa.

"Mimi hapa ni shahidi mtaalamu," lilisema. "Nimeitwa kueleza maana ya kupoteza umbo. Nilikuwa na umbo, baba. Nilikuwa majimaji, unaona hadi upande wa pili. Dakika mbili za moto, nikawa hivi. Nirudishe kwenye jokofu mwaka mzima, sikunjuki wala sikunjiki tena. Sasa mwangalie yule mama mle ndani. Yule kapoteza nini? Kapata joto kidogo la jokofu, kajinyoosha usingizini, umeme uliporudi kajikunja tena. Wapo wanaoweza. Mimi simwonei wivu."

"Humwonei?"

"Kidogo," lilisema yai.

Hapo akaja karani. Alikuwa jicho moja kubwa lenye tai, na alibeba daftari. Wote walisimama, kwa hiyo nasi tukasimama.

"Bwana Jicho ndiye anayeandika tunachokiona," alininong'oneza Mkude wa Kushoto, ambaye kumbe alikuwa amesoma kanuni.

"Mmeona nini?" aliuliza Bwana Jicho.

"Hatujaingia," lilijibu benchi zima.

"Sikuuliza kuingia. Mmeona nini?"

"Hatujaingia, bwana."

Akaandika mstari uliopanda na kushuka kama mkono wenye homa. Niliutambua mara moja. Nimeukuta kwenye kapu la taka la Daktari Tunsume kila asubuhi, umekunjwa kwa hasira.

"Samahani," nilisema. "Hilo ni neno gani?"

"Fujo. Mwanga usiponifikia, naandika fujo. Lazima niandike kitu."

"Lakini atakayesoma atadhani ni protini yenye fujo."

"Mimi naandika," alisema Bwana Jicho akifunga daftari. "Kusoma si idara yangu."

Nina tabia ya kutohukumu haraka, basi nikajaribu njia ya kawaida: nikauliza maswali kwa mpangilio. La kwanza, je, wiki nne zilizopita hali ilikuwa hivi? Benchi likasema hapana. La pili, nani alikuwa mlangoni wakati huo?

"Mabibi wawili wa jiwe," lilisema yai. "Jiwe lile linaloyeyushwa likawa jeupe kama maji. Hao hawakuwa na ubaguzi. Mrefu, mfupi, wote walipita. Kule rafuni wako sita, wawili wa jiwe na wanne wa kioo, na kwa sura ni mapacha. Walitofautishwa kwa kucha nyekundu. Sasa kuna mtu aliwafuta kucha wale wa jiwe, na tangu hapo Daktari anachukua wa kioo bila kujua."

"Nani huyo?" niliuliza.

Benchi zima likanigeukia. Hata aliyesinzia aliamka. Nilikuwa mwanga, lakini nilihisi masikio yangu yakiwaka kuliko sehemu nyingine.

"Pole, kaka," alisema Mkude wa Kushoto.

Benchi likawa rafu yangu ya kukaushia vyombo.

Sasa niko juu ya kile kitambaa cheupe ninachokifua kila Ijumaa. Vikombe sita vya mraba vimekaa mstari mmoja, miguu mbele, kama wanawake wanaosubiri zamu saluni. Vinne vinatazama dari. Cha tano kinasema, "Ndiye huyo," na cha sita kinaninyooshea mikono miwili.

"Tazama," kinasema cha sita.

Natazama. Kucha ni nyeupe, safi, hazina kitu.

"Alinipaka Tunsume mwenyewe. Rangi ya harusi ya dada yake, aliyobakiza chupa makusudi. Nukta moja ukingoni kwangu, nukta moja kwa mwenzangu, akapuliza zikauke. Alhamisi hiyo wewe ukafanya nini?"

Nilikumbuka. Ilikuwa kama saa tano. Niliona vidoa viwili vyekundu kwenye kingo za vikombe viwili. Nikachukua pamba na asetoni ya kuondolea madoa, nikasugua polepole, kwa mzunguko, kama kitabu kinavyoelekeza. Nikaviinua dirishani kuhakikisha. Nikafurahi.

"Nilidhani ni madoa," nilisema.

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

Vikombe vya kioo viliacha kutazama dari.

"Kwa sababu sikusoma," nilisema mwishowe. "Aliyesoma akiuliza, wanasema ana udadisi. Mimi nikiuliza doa, watasema Mzee Mkude kumbe hajui kazi. Kwa hiyo huwa nasafisha kwanza."

"Ehee," kilisema kikombe cha jiwe. "Miaka kumi na moja hujavunja chombo, unatembea kifua mbele. Haya, hongera. Vyombo vyote vizima. Umevunja daktari."

Niliomba radhi. Niliomba kwa vyote viwili, kimoja kimoja, na kwa vile sikuwa na hakika na kanuni za vikombe, nilipiga goti. Mkude wa Kushoto naye alipiga goti, ila la upande wa pili.

"Basi, ingieni," kilisema. "Kwangu pita hata uwe mfupi kama dhambi ya mtoto."

Tukapita ndani yake kama vile hakikuwapo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yule wa mlonge aliacha ufagio wake akajifuta shanga.

"Wiki tatu sijala," alisema. "Naona watu nje ya kioo, wananipungia mkono, hawaingii. Nikasema labda nimenuka. Sogea, baba, wewe unayezungukia kulia."

Nikasogea. Aliniuma hadi kwenye kiwiko. Sikuumia, ila palipokuwa na mkono sasa palikuwa na pengo safi. Kisha akamwita mwenzangu, akamwonja kidole kimoja tu, akatafuna akifikiri.

"Huyu wa kushoto namwonja kwa heshima," alisema. "Lakini wa kulia ndiye anayenifaa. Ndivyo tulivyo sisi tuliojikunja kwa kuzunguka, katika urefu wenu huu. Ningekuwa uzi uliolegea, nisingewachagua hivyo. Nenda ukamwambie huyo binti. Mwambie nimejikunja, nimekaa, nafanya kazi."

Tulitoka upande wa pili tukizunguka kwa kasi, nikiwa mwepesi kwa mkono mmoja. Bwana Jicho alikuwepo.

"Mmeona nini?"

Nikamwonyesha pengo langu. Mwenzangu akaonyesha kidole kisichokuwepo. Bwana Jicho akatoa ule mkono katika kile kidole, akapata jibu lililo chini ya sifuri, na kalamu yake ikashuka. Bonde. Ikapanda kidogo, ikashuka tena. Bonde la pili. Chozi lilimtoka, na kwa jinsi alivyo, chozi moja lililowesha tai yote.

"Wiki tatu sijaandika neno lenye maana," alisema.

"Basi ipeleke kwa Daktari, haraka. Saa tatu anamwaga."

"Haiendi," alisema Bwana Jicho. "Haya umeyaona rafuni, ndotoni. Ndani ya mashine bado kimekaa kikombe cha kioo. Asubuhi nitaandika fujo."

"Mimi ni mwanga! Nitafika kabla ya yeyote!"

"Utafika," kilisema kikombe cha jiwe nyuma yangu, "na utasemaje? Mwanga huonyesha tu. Haukiri kosa. Hiyo kazi lazima uifanye ukiwa Mkude, na viatu vyako miguuni."

Kwa mbali nilisikia sauti ya Daktari Tunsume ikiuliza kama sinki liko wazi, na sauti yangu mwenyewe ikijibu, "Liko wazi, Daktari." Niligeuka nijiambie ninyamaze. Sikujiona.

"Wanaoamka husahau," kilisema kikombe. "Lete mkono uliobaki." Kikatoa kichupa, kikachovya brashi, kikanipaka ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kilipaka polepole, kwa mzunguko, kama mtu anayemsugua mwenzake doa. Kisha kikapuliza.

Pumzi ile ilikuwa baridi. Nikaamka.

Palikuwa pamekucha. Jogoo wa jirani alikuwa ameshamaliza. Naishi peke yangu tangu mke wangu alipofariki, na kwangu hakuna rangi ya kitu chochote isipokuwa ya mlango. Nilikaa kitandani, nikavuta pumzi, nikasikia harufu ya asetoni. Nikatazama mkono wangu wa kushoto.

Ukucha wa kidole kidogo ulikuwa mwekundu. Niliugusa kwa uangalifu. Haukuwa umekauka, uliacha alama kwenye shuka.

Nilivaa viatu. Sikuwahi wala sikuchelewa. Nilifika, nikaziba sinki kwa beseni, nikasimama mbele yake.

Daktari Tunsume aliingia saa tatu kasoro dakika tano, mrija mkononi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo, Mzee Mkude."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuomba sinki wazi."

"Uliomba. Zile nukta nyekundu kwenye vikombe vya jiwe, nilizifuta mimi. Alhamisi ile baada ya umeme kurudi. Nilidhani ni madoa, na nikaona aibu kuuliza."

Aliweka mrija mezani kama mtu anayelaza mtoto. Akafunika mdomo kwa mkono, na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na sikufanya haraka kuamua.

"Nukta," alisema hatimaye. "Umezifuta kwa asetoni?"

"Na pamba. Kwa mzunguko."

"Mzee Mkude!"

"Ndiyo, Daktari."

"Wiki tatu nimeilaumu protini ya watu!"

"Tupitishe mwanga kwenye vyote sita, vikiwa na maji matupu," nilisema. "Kimoja kimoja. Tusidhani tena."

Tulivipitisha. Cha kwanza kiligoma, na cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano kilipitisha mwanga wote. Cha sita pia. Nilikikausha cha sita kwa kitambaa, nikamkabidhi kwa mikono miwili, naye akamimina matone ya mwisho, akafunga mlango wa mashine, akabonyeza.

Mstari ulianza juu. Ukatembea kidogo. Kisha ukashuka, taratibu, ukafika chini, ukapanda kidogo tu kama mtu anayevuta pumzi, ukashuka tena.

Mabonde mawili.

Daktari Tunsume alinishika mkono bila kuondoa macho kwenye mashine. Alipoyaondoa, yakaangukia kidole changu kidogo. Akakitazama kwa muda. Akaenda kwenye saraka yake, akaifungua kwa ufunguo wa shingoni mwake, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, akakilinganisha na ukucha wangu.

"Mzee Mkude," alisema, "nani kakupaka rangi yangu?"

Safari hii sikusafisha kwanza.

"Kikombe," nikasema.